Mtoto wa Chumba cha Uani na Daftari la Mtaa
Maneno ya kamati ya ustawi kwa mkutano wa mwaka wa wanamtanda





Mkutano uliopita ulitupa kazi moja sisi wa kamati ya ustawi: tukaangalie kama chama kinaweza kujenga kituo cha kulelea watoto wenye ulemavu kule nyumbani Mtanda, kisha turudi tuseme la kufanya. Tumerudi, na jibu tunalitoa mapema ili mtu asilisubiri mpaka wakati wa chai. Hatushauri kujenga kituo. Tunashauri fedha hizo, na nguvu zetu ambazo ni nyingi kuliko fedha, ziende kuisaidia na kuisukuma Halmashauri ifanye kazi ambayo sheria imekwisha kuipa. Tunajua jengo lina utamu wake. Linapigwa rangi, mgeni rasmi anakata utepe, na jina la chama linaandikwa juu ya mlango. Hiki tunachokileta sisi hakina hata mlango. Tuvumilieni tueleze.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Kila mmoja humu ukumbini anamjua, japo hamtaji. Ni yule wa chumba cha uani. Ukienda kusalimia siku ya Idi unamwona kidogo mlango ukifunguliwa, kisha mlango unarudishwa. Mmoja ana mtindio wa ubongo, hajashika shingo vizuri. Mwingine ni kiziwi. Mwingine ana kifafa, na alipoungua mguu jikoni wakaona heri asitoke tena. Mwingine mwili ni mzima kabisa, ila akili yake imebaki ya mtoto wa miaka minne na yeye sasa ana kumi na tatu.

Watu wa mbali wakisikia habari hizi husema ni ukatili, ni ushirikina, ni aibu ya ukoo. Aibu ipo, hatukatai. Lakini wengi wa mama hawa hawawachukii watoto wao. Wana mashamba. Ufuta ukikauka unataka kukatwa, ukichelewa unapukutika wote chini. Korosho zikianza kudondoka zinataka mikono kila siku, na shamba liko mbali na mji. Mtoto wa miaka kumi na tatu asiyetembea habebeki mgongoni kwenda huko. Kwa hiyo mama anamlaza, anamwekea uji na maji karibu, anafunga mlango kwa nje, na jirani anaambiwa, "Nichungulilie mwanangu." Jirani naye ana shughuli zake. Mlango umefungwa kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi jua linapokaribia kuzama, na mtaa mzima unajua kwamba mama hayupo, kwamba mtoto yuko peke yake, na kwamba hata akipiga kelele hakuna atakayeshtuka kwa sababu yeye siku zote hupiga kelele.

Hapo ndipo penye hatari, na tunaomba tuseme waziwazi kwa kuwa watoto wadogo wameshapelekwa nje kucheza. Wanaowadhuru watoto hawa aghalabu si majambazi wa kutoka mbali. Ni mtu aliyezoeleka, anayeingia uani bila kubisha hodi, na anayeaminiwa kupewa ufunguo. Anachagua mtoto asiyeweza kukimbia, au asiyeweza kusema, au asiyeaminiwa akisema. Mwaka 2012 ulitoka uchambuzi ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya tafiti nyingi, wingi wake za nchi tajiri. Ulionyesha kuwa watoto wenye ulemavu wanafanyiwa ukatili takribani mara 3.7 kuliko wenzao. Ikiwa hali ni hiyo kwenye nchi zenye maofisa kila kona, sisi tunaofunga mlango kwa kufuli tufikirie yetu.

Hapa Tanzania tunao utafiti wa taifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutangazwa 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana, takribani 1 kati ya 7. Kati ya wasichana hao, kama nusu ndio waliomwambia mtu yeyote, na mmoja tu kati ya watano alitafuta huduma. Hawa ni watu walioulizwa wakajibu kwa vinywa vyao. Yule wa chumba cha uani hajaulizwa.

Sasa sheria inasemaje? Tumeisoma Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, na tunawaombeni nanyi muisome, hasa kifungu cha 94 na cha 95. Kifungu cha 94 kinasema mamlaka ya serikali za mitaa ndiyo yenye wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Wajibu huo ni wa Halmashauri, hata pale ambapo shirika la wafadhili halipo na padri au shehe hajajitolea. Tena kinaitaka iwe na rejista ya watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi na iwape msaada, ili wakue kwa heshima miongoni mwa watoto wenzao. Angalieni neno hilo, miongoni mwa wenzao. Kifungu cha 95 kinamgusa kila mtu: mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuitaarifu Halmashauri. Ni wajibu, hata kwa yule asiyependa kuingilia ya watu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, nayo inataka ziwepo kamati za kushughulikia mambo ya watu hao kuanzia mtaa na kijiji, kata, hadi halmashauri. Na tangu mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, ule unaoitwa MTAKUWWA, ulipoanza mwaka wa fedha 2017/18, zimetakiwa kuwepo kamati za ulinzi wa wanawake na watoto mpaka ngazi ya mtaa.

Kwa hiyo kwenye karatasi mtoto wetu ana walinzi wengi: mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake, kamati mbili, mtendaji wa kata, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, daktari, mwendesha mashtaka, hakimu. Mbona basi halindwi?

Sababu ya kwanza ni kwamba hayumo daftarini. Afisa ustawi hawezi kumtembelea mtoto asiyejua kama yupo. Kwenye bajeti mtoto asiyeandikwa ni sifuri, na sifuri haina kasma. Diwani akisimama barazani kuomba fedha ataulizwa, "Wako wangapi?" Akijibu "wengi," ameshindwa. Akijibu, "Kata yangu ina watoto kadhaa wasiotembea, viziwi kadhaa ambao hawajaanza shule, na hawa wawili wanafungiwa ndani msimu wa shamba," hapo kuna la kujadili. Tunaona ajabu kidogo kwamba mitaa yetu inajua idadi ya vyandarua vilivyogawiwa na orodha ya waliochangia maabara, lakini ukiuliza habari ya watoto wasiotoka ndani watu wanaanza kuhesabu kwa vidole na kubishana.

Tukiwa hapo hapo kwenye karatasi: cheti cha kuzaliwa. RITA ina utaratibu wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti kinatolewa bila malipo. Wazazi wengi huwakatia vyeti wale watakaokwenda shule, na huyu wa uani anaachwa kwa kuwa "cha nini?" Cha mahakamani. Kesi ya kumwingilia binti aliye chini ya miaka 18 inasimama juu ya umri. Mzazi anaweza kuutaja umri kizimbani, ni kweli, lakini mawakili wanajua kumzungusha mama wa watu kwa maswali ya tarehe mpaka achanganyikiwe. Cheti hakichanganyikiwi.

Sababu ya pili ni umbali kati ya mtu na mtu. Tuseme jirani ameona jambo. Anakwenda kwa mwenyekiti, ambaye ni shemeji wa mtuhumiwa. Au mwenyekiti ni mwema, anampigia afisa ustawi, naye ana kata nyingi na hana usafiri wala mafuta. Hali hiyo iko katika halmashauri nyingi nchini, wala si siri. Mama anaambiwa aende polisi akachukue fomu, ile PF3, kisha hospitali, kisha aifikishe fomu polisi tena. Kutoka kwetu Mtanda mpaka hospitali ya mkoa ya Sokoine kwa mtu mwenye miguu miwili na nauli si safari. Kwa mama aliyembeba mtoto wa miaka kumi na tatu ni safari, na bodaboda wanasita kumpakia. Wakati huohuo saa zinakimbia. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita kabla ya hapo ni hasara. Ushahidi wa mwilini nao hausubiri. Mama anayemsafisha mwanawe kwa huruma, akamvalisha nguo safi ndipo ampeleke, ameufuta ushahidi bila kujua.

Zanzibar walilitazama tatizo hili wakafungua kituo cha mkono kwa mkono hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011: polisi, daktari na mshauri mahali pamoja, mtoto asimulie mara moja. Vituo vya namna hiyo vimefunguliwa pia katika hospitali kadhaa za Bara. Mahali ambapo huduma hizo hazijakaa pamoja, basi angalau mtu mmoja afuatane na mama kutoka dirisha moja hadi jingine. Hilo halihitaji jengo.

Sababu ya tatu ni lugha, na hii ndiyo iliyotushika zaidi katika kazi hii. Kwa Sheria ya Ushahidi, mtu asiyeweza kusema anaruhusiwa kutoa ushahidi kwa maandishi au kwa ishara. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto mdogo halazimiki kula kiapo. Anaweza kuahidi kusema kweli. Na katika makosa ya kingono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Sheria imefungua mlango mpana. Lakini tazameni binti kiziwi ambaye hajawahi kwenda shule. Hajui kusoma. Hajui Lugha ya Alama ya Tanzania. Anazo alama za nyumbani, ambazo mama yake anazielewa na labda dada yake: huu ni uji, huku ni kulala, yule ni babu mwenye ndevu. Mahakama itamleta mkalimani, mkalimani atanyoosha mikono, binti atamtazama tu. Kesi imekufa hapo, na haikufia mahakamani. Ilikufa miaka saba nyuma, siku mtoto huyo alipofikisha umri wa kuanza darasa la kwanza na mtu mzima akasema, "Huyu tumwache."

Ndiyo maana sisi tunaiona shule kuwa sehemu ya ulinzi. Shule za msingi hazina ada. Pasipokuwa na mwalimu wa viziwi karibu, hilo ni swali la kumfikishia mratibu elimu kata kwa maandishi, mzazi akibaki na nakala yake. Na kwa wale wenye ulemavu wa akili, kuna mambo madogo ambayo hayangoji mwalimu: mtoto kujua majina ya sehemu za mwili wake, na kujua kwamba kuna kuguswa ambako anaweza kukukataa kwa kelele.

Hapa tutawagusa makungwi, nao wako nasi leo, watusamehe. Binti mwenye ulemavu kule kwetu ama hapelekwi unyago kabisa, ama anapelekwa akapitishwa haraka ili isisemwe hakutolewa. Kamati ilibishana sana juu ya jambo hili. Wapo waliosema tusiliguse. Tumeafikiana hivi: unyago usiwe wa watoto wadogo, usile siku za shule, na kungwi anayemfunda binti namna ya kujisitiri amfunde pia kukataa, na amwambie nani wa kumkimbilia. Kungwi anaweza kumwambia mama neno ambalo afisa ustawi hathubutu.

Sasa tuje kwa jambo linalotuhusu sisi tulioko Dar es Salaam, Mbagala, Temeke na kwingineko. Jambo likitokea nyumbani, simu ya kwanza haipigwi polisi. Inapigwa mjini, kwa yule wa ukoo mwenye kauli. Anaulizwa, "Baba mkubwa, tufanyeje?" Na jibu la miaka nenda rudi limekuwa, "Msipeleke mbali, malizeni nyumbani." Watu wanakaa kwenye mkeka, mtuhumiwa analipa faini, fedha wanachukua wazee au baba wa mtoto, watu wanapeana mikono, na mtoto anarudishwa chumba kilekile, na mtu yuleyule anaendelea kupita uani. Kesi ikiwa imeshafika mahakamani, mashahidi wanaanza kusafiri. Huyu kaenda dago, yule kaenda kuuguza Masasi. Hakimu afanyeje? Anaiondoa.

Tunajua kinachofanya watu wamalizane nyumbani. Adhabu ya kubaka ni miaka isiyopungua 30, na mtuhumiwa ni mtoto wa shangazi ambaye familia mbili zinamtegemea. Ukoo unaogopa kupasuka. Uzito huo tunauona. Ila aliyefanyiwa hakuwahi kukaa kwenye ule mkeka, wala hakuulizwa kama amesamehe. Ombi letu kwenu wakubwa wa koo ni dogo: simu hiyo ikija usiku, jibuni, "Mpelekeni hospitali sasa hivi, na nauli natuma." Ukoo utakaa baadaye. Na asiyejua aanzie wapi apige namba 116, Simu kwa Mtoto, bila malipo, usiku na mchana.

Tumeulizwa pia habari za kuwahamishia watoto mjini kwa jamaa, kwamba huko kuna hospitali na shule. Wengine wamefaidika kweli. Lakini tuwakumbushe kisa kilichotikisa Uingereza. Victoria Climbié alikuwa mtoto wa Ivory Coast. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake aende Ulaya akasome, kama sisi tunavyokabidhi watoto kwa shangazi wa Tandika. Alifariki London Februari 2000, ana miaka minane, kwa mateso aliyopewa na huyo shangazi na mwanaume waliyeishi naye. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming ulitoa ripoti mwaka 2003. Ukakuta mtoto huyo alionwa na ofisi za ustawi, polisi na hospitali, na kwamba palikuwa na nafasi zisizopungua 12 za kumwokoa. Kila ofisi ilishika kipande chake, hakuna aliyeviunganisha. London haikukosa magari wala mishahara. Alikosekana mtu mmoja mwenye jina la mtoto mkononi, anayeuliza kila wiki, "Huyu yuko wapi? Mmemwona nani? Alisema nini?" Kwa hiyo mzazi anayemhamisha mtoto kwa jamaa na amwandikishe kwa mtendaji wa mtaa anakokwenda, na sisi tulioko mjini tupite kumwona. Tusiridhike kuambiwa kwenye simu kwamba hajambo.

Turudi kwenye kituo, maana tunaona wengine bado wanalitamani jengo. Makao ya watoto yanataka leseni ya serikali, na yanataka walezi wa usiku na wa mchana, chakula cha kila siku, maji, matibabu, mwaka hadi mwaka. Michango ya kujenga tungeipata. Michango ya mishahara ya mwezi wa saba, wa nane, wa tisa, sisi tunaofahamiana hapa tujiulize. Lakini hata fedha ingekuwepo tungesita. Nyumba yenye watoto ishirini wasioweza kusimulia, yenye ukuta mrefu na mlinzi mmoja wa usiku, inatutisha kuliko chumba cha uani. Pale uani yuko angalau bibi anayepita. Na mama akishampeleka mtoto kituoni, kijiji kinamsahau. Watoto wachache sana hawana mtu kabisa. Hao sheria ina njia zake, zikiwemo familia za kuaminika zinazothibitishwa na ustawi wa jamii. Waliobaki wana mama. Mama ndiye wa kusaidiwa.

Tunachoomba mkutano upitishe ni hiki. Kwanza rejista, na iwe ya mtaa. Sisi tusifungue daftari letu la pembeni. Chama kilipe chakula cha mchana na nauli za siku za kuandikisha, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite nyumba kwa nyumba pamoja na mjumbe wa kamati ya mtaa na mzazi mmoja ambaye ana mtoto wa namna hiyo, kwa kuwa huyo mlango hafungiwi. Majina yakae kwa mtendaji na afisa ustawi. Hayatasomwa hapa wala kuchapwa. Wengine mmeuliza kwa nini kijitabu cha mwaka huu hakina picha ya mtoto kwenye jalada, kwamba picha ingefungua mifuko. Pengine ingefungua. Lakini mtoto asiyeweza kukataa kupigwa picha hatutamtangaza kuwa yuko peke yake nyumbani.

Pili, mfuko mdogo wa safari, unaokaa Lindi na si Dar es Salaam, wa kumfikisha mama na mtoto hospitali, polisi na mahakamani, na kumrudisha, mpaka shauri liishe. Mashahidi nao wapewe nauli ya bodaboda. Mfuko huo ndio utakaowalipia pia vijana wawili wa Mtanda wakajifunze Lugha ya Alama, tukishauriana na chama cha viziwi, CHAVITA, kisha wakae na familia zenye watoto viziwi. Na tunapendekeza kina mama wenyewe wajaribu zamu msimu wa ufuta na korosho: nyumba moja yenye uwanja, watoto watano au sita, mama wawili wanabaki nao siku hiyo na wenzao wanawavunia. Tumeambiwa kina mama wa kwetu wanasaidiana hivyo kwenye misiba na harusi. Kamati isiwaingilie kuwapangia. Iwanunulie mikeka, sufuria na viti viwili vitatu vya kumkalisha mtoto asiyeshika shingo, ambavyo fundi seremala mzuri anaviweza akipewa vipimo na mtaalamu wa viungo.

La tatu halina gharama. Bajeti ya Halmashauri inaanza na vipaumbele vya mtaa na kata miezi ya mwisho wa mwaka, inapita barazani mapema mwaka unaofuata, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Baada ya hapo kulalamika ni kupiga ngoma harusi imekwisha. Viongozi wa mitaa walichaguliwa Novemba 2024, wana muda mbele yao. Tunataka kila mwanachama mwenye ndugu Mtanda amwambie ndugu huyo asimame kwenye mkutano wa mtaa aulize: kamati zile mbili zina wajumbe gani, zimekaa lini, rejista ina watoto wangapi, afisa ustawi ametengewa mafuta kiasi gani. Aulize kwa adabu, na ajibiwe kwa maandishi. Tusiende kumkaba afisa mmoja asiye na pikipiki. Huyo tunamtaka awe rafiki yetu. Fedha za mafuta yake zinapangwa barazani, na huko ndiko pa kuuliza.

Kuhusu michango: wanachama 100 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi, mwaka ukiisha ni shilingi 6,000,000. Kituo hazijengi. Kwa safari, mafunzo ya vijana wale wawili, siku za kuandikisha na mikeka, zinatosha kuanza, nasi tutawaletea hesabu mkutano ujao, shilingi kwa shilingi. Fomu za ahadi ziko mezani kwa mtunza hazina, karibu na mlango wa kutokea. Anayelipa leo apewe risiti kabla hajatoka. Na yeyote anayejua mtoto wa kuandikwa asituandikie jina kwenye fomu. Ampigie mtendaji wa mtaa wake kesho asubuhi, kisha atuambie tu kwamba amepiga.

Chai iko tayari.